Sura ya Sita: Kombora Ambalo Halikupigwa

Konstebo wawili walikuwa wamesimama uani na masanduku matupu mikononi, wakitazamana kama watu waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa. Mlangoni mwa chumba cha nyuma alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo yaliyokwishaanza kuelekea uzeeni. Alikuwa juu ya stuli, miguu ameinyoosha kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi wa pili. Hakuwatukana wala hakupiga kelele. Aliwaambia tu kwamba wakitaka kupita wamruke, na katika wale wawili hakupatikana wa kumruka mtu aliyelingana na mama yake.

Inspekta alisikiliza maelezo yao, akawatazama wote watatu, kisha akavuta ndoo iliyokuwa karibu na bomba, akaipindua na kuikalia.

Mama huyo mtaa mzima ulimwita Bibi Maganda. Alikuwa muuguzi mstaafu na mjane. Tangu aachane na wodi, kazi yake ilikuwa kwenda uwandani, nje ya mji, mahali ambapo majeshi mawili ya kigeni yalikutana enzi za babu zake yakapigana mpaka mto ukabadilika rangi. Alikwenda na koleo dogo na mfuko wa turubai. Alichimbua risasi zilizopinda, maganda ya shaba, vifungo vya makoti na vitako vya makombora yaliyopasuka zamani. Alirudi navyo nyumbani, akaviosha, akavipiga brashi na kuvipanga rafuni kama vyombo vya bibi harusi. Watoto walimcheka, majirani walimcheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mnyapara katika kampuni iliyokuwa inajenga barabara mpya kupita uwanda ule ule.

Wiki iliyopita chumba hicho cha nyuma kililipuka, na shemeji yake akafa ndani yake. Yeye Bibi alikuwa kliniki, anangoja dawa za presha.

Kwa Mkuu wa kituo, mambo yalikuwa wazi kama maji ya kisima. Bibi kaweka bomu ndani ya nyumba, uzembe umeua mtu, basi. Alimwambia Inspekta akachukue vitu vyote, amfungulie mashtaka, jalada lifungwe leo leo. Alisema hivyo akiwa amesimama, jambo ambalo hakulizoea, na Inspekta aliligundua hilo.

"Bibi," Inspekta alisema, "nina amri ya kuchukua kila kitu kilichomo humo."

"Najua, mwanangu. Mtachukua. Lakini kwanza nionyeshwe ni kipi kati ya hivyo kilichomuua shemeji yangu. Nikionyeshwa, nitavibeba mwenyewe mpaka kwenye gari lenu."

Inspekta aliwaambia konstebo wakangoje garini. Si kwamba alimwonea Bibi huruma. Swali lilikuwa la maana, na pale kituoni hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Bibi aliondoa miguu.

Chumba kilikuwa kimefumuka upande mmoja. Mabati yalikuwa yamekunjuka kwenda juu, na jua lilimwagika katikati ya sakafu. Meza ya kazi ilikuwa imepasuka vipande viwili, na jiliwa ya chuma ya kubania vitu iliyofungwa juu yake ilikuwa imepinda kama kidole cha mgonjwa wa baridi yabisi. Lakini Inspekta hakukaa sana mezani. Alikwenda ukuta wa pili, kwenye rafu. Baadhi ya vitu vilikuwa vimeanguka, vingine vimefunikwa na vumbi la plasta, na vyote vilikuwa vizima. Kama mkusanyo huo ulikuwa ghala la mabomu, kama alivyoandika Mkuu, kwa nini mlipuko mkubwa kiasi hicho haukuamsha hata kimoja?

Alivichukua kimoja kimoja, akaviinua kwenye mwanga. Kila kombora lilikuwa tupu. Mengine yalikuwa vitako tu, mengine mirija iliyo wazi mdomoni ambayo ungeweza kutia ngumi ndani. Bibi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimweleza kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake tangu siku ya kwanza. Kitu kisichoonekana ndani hakiokoti. Anachomeka kando yake kijiti chenye kitambaa chekundu na kwenda kutoa taarifa polisi.

"Nimefunga vidonda vya watu maisha yangu yote," alisema. "Siwezi kuja nacho kidonda nyumbani."

Inspekta alikuwa amebeba mfuko wa vielelezo, vile vipande vilivyochokolewa kutoka ukutani na darini. Alivimwaga juu ya gazeti sakafuni. Vingi vilikuwa chuma cheusi kilichochanika. Kimoja kilikuwa cha shaba, kirefu kama kidole na kimejikunja kidogo, na alikwisha kukitazama mara nyingi mezani kwake bila kujua kinamwambia nini. Sasa aliona ndugu zake rafuni. Kila kitako cha kombora pale kilikuwa kimevaa mkanda wa shaba kiunoni, na kile kipande kilikuwa kimetoka kwenye mkanda kama huo.

Alishusha kitako kimoja akakiweka kando ya kipande chake. Akashusha kingine. Mikanda yote ya rafuni ilikuwa imekwaruzwa michirizi ya mshazari, imepangana sawasawa kama meno ya kitana. Kipande chake kilikuwa laini. Alikipitishia kucha, ikateleza.

Alijiuliza kama ni moto wa mlipuko uliofuta michirizi, akalikataa wazo hilo mwenyewe. Mlipuko unachana, haupigi pasi.

"Bibi, kwa nini mikanda yako ina meno na wangu hauna?"

Bibi Maganda alivaa miwani. Alikigeuza kipande kile kwenye mwanga, pande zote mbili. Alieleza polepole. Ndani ya bomba la mzinga kuna mifereji inayojisokota. Kombora likisukumwa na moto, mifereji hiyo huuma shaba laini ya mkanda, ndipo kombora hutoka likizunguka na kwenda mbali bila kuyumba. Kila lililopita mzingani lina alama za meno hayo.

"Hili halikupigwa," alisema. "Hili halijawahi kutoka mzingani."

"Na kule uwandani unaweza kupata ambalo halikupigwa?"

"Uwandani ndiko yalikoangukia, mwanangu. Yote ya kule yalishapigwa. Ambalo halikupigwa lilibaki kule ilikokuwa mizinga yenyewe, na mizinga ilikuwa wapi hakuna anayejua mpaka leo."

Inspekta alitoka nje akampigia simu mtaalamu mmoja wa kikosi cha mabomu makao makuu, mtu waliyesoma naye kozi. Akamsomea maelezo ya kipande. Mtaalamu alikubaliana na Bibi neno kwa neno, akaongeza kwamba kombora la namna hiyo, likiwa zima na kichwa chake, linaweza kulala karne nzima na bado likaamka vibaya. Kisha akauliza kama yako mengine. Inspekta alimwambia hajui. Jamaa akasema akijua ampigie yeye moja kwa moja, asipitie kwa mtu, maana karatasi za ruhusa hutembea kwa magoti.

Kwa hiyo kombora lilitoka nje ya mkusanyo wa Bibi. Nani alilileta?

Jina moja lilikuwa limeshaandikwa pembeni mwa jalada. Mnunuzi wa vitu vya kale mjini, aliyejulikana kama Mzee Kutu, alikuwa amemganda Bibi kwa muda mrefu amuuzie mkusanyo mzima. Majirani walisikia mara ya mwisho wakijibizana getini, na mzee akaondoka akisema ipo siku ataviachia tu. Mtu wa namna hiyo angeweza kutega kitu, hasa akijua nani hukaa wapi saa gani.

Duka lake lilinuka mafuta ya taa na ngozi kuukuu. Mzee Kutu alikuwa nyuma ya kaunta akisugua bakuli la shaba, na hakuacha kusugua alipoonyeshwa kitambulisho.

"Ulimtishia Bibi Maganda?"

"Nilimwambia ataviachia. Wote tutaviachia, afande. Mimi na wewe pia."

"Uliwahi kumpelekea kombora?"

Hapo mkono ulisimama. Alimkata Inspekta jicho la mtu aliyetukaniwa ukoo. Alisema yeye ni mchuuzi, si mwehu. Alisema Bibi yule alikuwa mtu pekee katika mji mzima aliyeweza kumwambia kitu kimetoka shimo gani, na kama angekufa, yeye Mzee Kutu angebaki anauza kutu kwa wajinga. Inspekta alimwacha aseme, akimtazama mikono. Watu wakidanganya hutafuta cha kushika. Huyu alikuwa ameliweka bakuli chini kabisa.

"Nani amekuletea vitu vipya karibuni?" aliuliza. "Vipya vya zamani."

Mzee Kutu aliona afadhali aseme. Dereva mmoja wa tipa la kampuni ya barabara alikuja na vitako vya makombora vyenye mikanda ya shaba, ndani ya mfuko wa saruji. Vilikuwa vizito na vyenye kutu ya kijani kidogo tu, bila mkwaruzo hata mmoja, kama vilivyotoka kiwandani vikalazwa. Aliuliza vimetoka wapi, dereva akacheka akasema viko vingi. Yeye alimfukuza, maana kimoja kilikuwa hakijatenganishwa na kichwa chake.

"Hukutoa taarifa?"

"Kituoni kwenu? Nani angenisikiliza, mimi Mzee Kutu?"

Inspekta alimchukulia maelezo, akamsainisha, akarudi kituoni kupitia mlango wa nyuma ili asikutane na Mkuu.

Katika stoo ya vielelezo, koplo wake alimletea viatu vya marehemu. Vilikuwa buti za kazi, na mlipuko haukuzigusa sana, kwa vile meza ilikuwa imekinga. Inspekta alizigeuza. Kwenye mapengo ya soli udongo ulikuwa umekauka, mwekundu kama matofali yaliyopondwa. Alimwuliza koplo, mzaliwa wa sehemu hizo, udongo wa uwandani ni wa rangi gani.

"Mweusi, afande. Mfinyanzi. Ukikanyaga mvuani unaacha kiatu."

"Na mwekundu?"

"Kilimani tu."

Inspekta alifungua maelezo ya mhandisi wa kampuni, yaliyochukuliwa siku ile ile ya mlipuko na Mkuu mwenyewe. Mhandisi alisema marehemu alikuwa akisimamia kazi uwandani. Alisema kilima hakijaguswa wala hakitaguswa mpaka msimu ujao. Buti zilikuwa zinasema vingine.

Picha ikamjia yote kwa pamoja. Mizinga ilikuwa kilimani, inapiga chini uwandani. Akiba yake ilifukiwa hapo hapo jeshi lilipokimbia. Katapila za kampuni zimeifukua. Sheria inataka ukikuta silaha ardhini kazi isimame na polisi waambiwe, na kazi ikisimama barabara inachelewa. Kwa hiyo hakuna aliyeambiwa, na kwa maana hiyo, wakati yeye amesimama stoo na viatu vya maiti mkononi, kuna watu wanaochimba juu ya makombora mazima.

Bibi Maganda alikuwa amemfuata mpaka kituoni na alikuwa ameketi benchi la mapokezi. Alipoona wanatoka mbio, aliinuka akaingia gari kiti cha nyuma bila kumwuliza mtu. Koplo alitaka kumshusha. Inspekta akamwambia awashe gari.

Simu ya Mkuu iliwakuta njiani. Alikuwa amesikia kwamba masanduku yamerudi matupu. Alimwuliza Inspekta anajifanya nani, akamkumbusha kwamba wapo wakubwa wanaoitazama barabara hiyo kwa macho mawili, na kwamba kwa mchezo anaoucheza unga wake unaweza kumwagika kabla ya jioni. Inspekta alimwacha amalize. Akamwambia yuko kazini, akakata. Kisha akapiga ile namba ya makao makuu.

Kilima kilikuwa kimezungushiwa mabati marefu upande wa barabara. Kwa nje ungeona kichaka na kibao cha kukataza kupita. Mlinzi getini alisema hakuna kazi inayoendelea, na wakati anasema hivyo ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yao kwa muungurumo wa mashine. Inspekta alimsukuma mlinzi kando kwa bega, akaingia.

Nyuma ya mabati kilima kilikuwa kimekatwa kama mkate. Katapila moja ya kijiko ilikuwa inakwangua ukuta mwekundu, tipa zinangoja foleni, vibarua wenye sururu wako chini wanasawazisha. Katikati ya ukuta ule, kwa urefu wa kifua cha mtu, kulikuwa na mstari mweusi wa mbao zilizooza. Kutoka ndani ya mbao yalichungulia maduara ya shaba, safu juu ya safu, yamepangana kama sufuria kwenye rafu ya duka. Kijiko kilikuwa kinashuka pembeni yake tu.

Inspekta alitembea mpaka mbele ya kijiko, akasimama na kuinua mkono. Opereta alizima mashine kwa mshtuko.

Ukimya ulipoingia, mhandisi alikuja kutoka kwenye kontena la ofisi, kijana nadhifu aliyevaa kofia nyeupe ya plastiki. Hakupandisha sauti. Alisema hayo ni mabaki matupu, yamekaguliwa, na kwamba Mkuu wa kituo ana taarifa zote. Inspekta alimwomba amwonyeshe aliyekagua. Mhandisi alisema atamletea baadaye. Aligeuka akamwamuru opereta awashe.

Opereta, mtu mzima mwenye mvi masikioni, hakuwasha. Alimtazama Bibi Maganda, aliyekuwa amefika anahema, na akateremka kutoka kwenye mashine yake.

"Wewe ndiye shemeji yake mnyapara?" aliuliza.

Bibi alikubali kwa kichwa.

Opereta alizungumza akitazama chini. Alisema mnyapara ndiye wa kwanza kuona maboksi yale. Alimwambia mhandisi kazi isimame, akaambiwa anayeogopa akabidhi kofia. Vibarua wakaambiwa atakayefungua mdomo asirudi. Mnyapara hakubishana. Siku ya pili alichukua kombora moja, akalifunga kwa mfuko wa saruji, akalitia begini.

"Tulimwuliza unakwenda nalo wapi. Akasema kwa shemeji yangu. Akasema, nimemcheka miaka, lakini huyu akilishika atajua la kusema, na akisema watamsikia."

Bibi Maganda alishika ubavu wa katapila. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini basi shemeji alilibana kwenye jiliwa, kwa nini hakumngoja, na kabla mtu hajamjibu akajijibu mwenyewe. Marehemu alikuwa amezoea kumwona akivisafisha. Alitaka yeye Bibi akirudi kutoka kliniki alikute limeshapigwa brashi.

Vibarua mmoja mmoja waliweka sururu chini. Mhandisi alikuwa tayari yupo kwenye simu.

Mkuu alifika na gari mbili, vumbi limetangulia mbele yake. Alishuka akiwa amekunja uso, akamwambia Inspekta mbele ya watu wote kwamba ameondolewa kwenye jalada hili kuanzia dakika hiyo, akabidhi vielelezo arudi kituoni. Mhandisi alisogea akasimama nyuma ya bega la Mkuu.

Inspekta alimkabidhi mfuko wa vielelezo. Alimkabidhi jalada, likiwa na maelezo ya Mzee Kutu ndani. Kisha akarudi pale pale alipokuwa, kati ya kijiko na ukuta, hatua chache kutoka kwenye maduara ya shaba.

"Nimeshakabidhi, Mkuu. Jalada ni lako. Sasa waamuru waendelee."

Mkuu alisema asimfanyie maigizo.

"Siigizi, afande. Kama ni mabaki matupu, njoo usimame hapa na mimi, uwaambie wawashe. Ukiwaambia ukiwa hapa, nitaondoka mwenyewe."

Bibi Maganda alikwenda akasimama upande wa kulia wa Inspekta. Koplo alitazama nyota za Mkuu, akaenda kusimama upande wa kushoto. Opereta aliutia ufunguo wa katapila mfukoni mwa ovaroli yake.

Mkuu alianza kutembea. Alipiga hatua kama mtu anayetaka kuwaonyesha watu kwamba si mwoga, na ukubwa wake ulimsaidia mpaka alipofika mahali ambapo jua lilipiga shaba na yeye akaiona kwa macho yake. Boksi moja lilikuwa limefunguka lote. Makombora yalikuwa yamelala ndani yake na vichwa vyao, mazima, na mikanda yao ilikuwa laini kama pete mpya. Meno ya kijiko yalikuwa yamechora udongo mpaka kando kabisa ya lile la mwisho.

Alisimama hapo. Mhandisi nyuma yake aliita cheo chake, mara moja, taratibu, kama anayemkumbusha jambo waliloelewana. Mkuu hakugeuka. Alivua kofia akafuta jasho, akarudi kinyumenyume kwa namna ya mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Alipofika kwenye gari aliwaambia askari wake, kwa sauti ambayo hata yeye alionekana haijui, wawatoe vibarua wote nje ya mabati na wafunge barabara pande zote mbili.

"Na kikosi cha mabomu?" aliuliza dereva wake.

"Wako njiani," Inspekta alisema. "Nilishawaita."

Alikuwa ameshatoa pingu. Mhandisi alitazama kushoto akaona vibarua, akatazama kulia akaona vibarua, na wote walikuwa wamesimama kimya wakimtazama yeye. Alinyoosha mikono.

Mkuu alikuwa bado ameshika lile jalada, hajui aliweke wapi. Bibi Maganda alimwendea, akalichukua mkononi mwake taratibu kama alivyokuwa akichukua chati kwa daktari aliyechoka, akalifungua ukurasa wa kwanza, pale jina lake lilipoandikwa mbele ya neno mshtakiwa. Aliomba kalamu. Mkuu akampa. Alilikata jina lake kwa mstari mmoja, akapindua ukurasa, akaandika juu kabisa jina la shemeji yake, na mbele yake akaandika: shahidi.